Safu ya Mshauri: Mbwa Asiyebweka na Msomaji Asiyelala

Basenji ni mbwa wa kuwinda wa misitu ya bonde la Kongo. Dume hufika kimo cha sentimita 43 begani na uzito wa kilo 11 hivi. Jike sentimita 40 na kilo tisa na nusu. Manyoya yake ni mafupi, masikio yamesimama, paji la uso lina makunyanzi kama la karani aliyeletewa barua isiyo na muhuri, na mkia umejiviringa juu ya kiuno mfano wa mkono wa kikombe. Awe mwekundu, mweusi, wa rangi tatu au wa milia, miguu, kifua na ncha ya mkia huwa vyeupe. Ni mwerevu, mchangamfu, mwepesi wa mbio, na habweki.

Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyomleta katika safu hii. Msomaji wa Mbezi, Dar es Salaam, anangoja mtoto wa basenji atakayefika kwa ndege kutoka Uingereza baada ya wiki sita. Hapati usingizi kwa hamu. Mkewe naye hapati usingizi kwa hasira, maana fedha zilizotengwa kununua mbwa wa ulinzi zimenunua bubu. Tatizo ni hilo, wala halihitaji nafasi zaidi; nafasi iliyobaki inahitajiwa na Mshauri.

Mshauri wa safu hii ni mtaalamu wa mbwa kwa mwaka wa ishirini sasa. Hajawahi kufuga hata mmoja. Hali hiyo imemwezesha kuwatazama mbwa bila upendeleo, na mara nyingine kutoka juu ya ukuta. Sifa zake zimeenea hadi kituo cha tatu cha daladala kutoka nyumbani kwake, na zingekwisha fika cha nne kama si foleni.

Jina la mbwa huyu ni ndugu wa neno ambalo Mswahili hufundishwa utotoni asilitamke mbele ya wageni. Watu wa pwani waliwaita wa bara washenzi. Huko Kongo likapatikana basenji, kwa maana ya watu wa porini, na mbwa wao wakaitwa kwa jina la wenyewe. Kwa hiyo msomaji wa Mbezi amelipa paundi za Kiingereza ili aletewe mshenzi mwenye cheti cha ukoo. Vitabu vya Kiingereza vimeongeza jina jingine refu, linaloanza na “m'bwa” na kumalizikia na kitu kama “wamwitu”, na vinadai maana yake ni mbwa anayerukaruka. Kuruka anaruka kweli, wima, ili auone mnyama kati ya nyasi ndefu. Lakini katika jina hilo kila Mswahili ataona mbwa, ataona mwitu, na kuruka hatakuona. Mshauri amewaandikia wachapishaji wawili kuhusu kosa hilo. Hawajajibu, jambo ambalo yeye analihesabu kuwa ni kukiri.

Basenji wa kwanza kuonekana Uingereza walipelekwa mwaka 1895 na wakafa punde kwa distempa, ugonjwa ambao siku hizi una chanjo. Waliodumu ni wale wa miaka ya 1930: Olivia Burn alipowaonyesha mbwa wake kwenye maonyesho ya Crufts mwaka 1937, watu walijaa kumtazama mbwa wa Kongo asiyebweka. Mwaka 1941 jike mmoja aligunduliwa Boston katika shehena ya kahawa ya meli iliyotoka Afrika Magharibi, amekonda, hana tiketi. Mshauri naye aliwahi kusafiri namna hiyo, katika boti ya kwenda visiwani, nyuma ya magunia ya vitunguu, na anaamini simulizi yake inastahili kurasa nyingi kuliko ya jike yule. Tofauti ni ndogo: jike alipewa jina la Congo akaingia katika historia ya mbwa wa Marekani, Mshauri akaingia katika daftari la bandarini.

Kimya cha basenji, hata hivyo, kimetiwa chumvi. Zoloto lake lina umbo tofauti na la mbwa wengine, ndiyo maana hatoi ule mfululizo wa kubweka unaokesha na mtaa. Hunguruma, hulia, huweza kubweka mara moja na kuacha, na akifurahi hutoa wimbo wa ajabu, sauti iliyo kati ya jogoo anayejifunza na mzee anayesukutua. Msituni, ambako mbwa asiyebweka anaweza kupotea machoni kwa hatua kumi, wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni ili wajue aliko na ili mnyama akurupuke kuelekea nyavuni. Mshauri anapendekeza kengele hiyo afungwe mwenye mbwa. Katika wiki za mwanzo ndiye atakayepotea, akizunguka Mbezi nzima na kamba tupu mkononi, na ni haki ya majirani kumsikia anakuja.

Kuhusu ulinzi, suala limekwisha tatuliwa na Mshauri mwenyewe. Geti la kawaida huandikwa MBWA MKALI, na wezi wamelizoea tangazo hilo kama walivyozoea “rangi mbichi”. Mshauri ametunga maneno mapya: HAPA MBWA YUPO ILA HASEMI. Mwizi anayesikia kubweka hujua mbwa yuko wapi. Asiyesikia kitu hujiuliza. Kibao hicho kimekaa kwenye geti la Mshauri kwa miezi minane na hakuna kilichoibwa, isipokuwa kibao.

Sura ya akili inahitaji utulivu, kwa sababu ndiyo inayovunja ndoa nyingi kati ya binadamu na mbwa wa mbegu. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Stanley Coren alichapisha orodha ya mbwa kwa uwezo wa kujifunza kazi na kutii, kutokana na maoni ya waamuzi wa mashindano ya utiifu huko Marekani na Kanada. Border collie alishika namba moja: mbwa wa daraja lake hujifunza amri mpya kwa kurudiwa chini ya mara tano. Basenji alikuwa wa 78 kati ya nafasi 79, akimzidi mbwa mmoja tu wa Afghanistan. Mbwa wa daraja hilo la chini huhitaji kurudiwa amri mara 80 hadi 100, na hata akishaijua huitii papo hapo mara moja kati ya nne, au pungufu.

Hapa Mshauri analazimika kutaja kwamba kidato cha pili alikuwa wa 44 kati ya 45. Mwalimu wa darasa aliandika “kichwa kigumu” kwa wino mwekundu, na baba yake akaiamini ripoti. Ni orodha ya Coren iliyomfungua macho: kinachopimwa pale ni utiifu, na akili ya kufungua kabati la unga haimo katika mtihani. Basenji alifugwa ili awinde akiwa mbali na binadamu, aamue mwenyewe apite wapi na asimame lini. Anapoitwa husikia, huelewa, hupima kama kuna faida, kisha huendelea na shughuli zake. Mshauri alikuwa hivyo hivyo kwenye hesabu za sehemu. Wa 45, kwa taarifa, leo ana maduka matatu ya vipuri, na ndiye aliyemkopesha Mshauri kompyuta ya kuandikia safu hii.

Kutokana na takwimu hizo limebuniwa Zoezi la Jiwe, la kupitishia wiki sita za kungoja. Mwenye hamu huchukua jiwe la wastani, huliweka uani, na kuliita “njoo” mara 100 kila asubuhi kwa sauti ya upole, akiwa na kipande cha maini mkononi. Jiwe halitakuja. Siku mbwa atakapofika naye asije, mwenyewe atakuwa ameshazoea. Faida nyingine ni kwamba upole na maini ndiyo njia yenyewe ya kumfundisha basenji: vipindi vya dakika tano, tuzo ya papo hapo, bila fimbo. Akichapwa hukumbuka, na hulipa kisasi kwa sofa.

Kungoja kwenyewe kuna sababu ya kibaiolojia. Mbwa wengi wa kike huingia joto kama mara mbili kwa mwaka. Basenji huingia mara moja. Mimba ni siku 63 hivi, na mtoto hatakiwi kutoka kwa mama yake kabla ya wiki nane. Anayekosa uzao wa mwaka huu husubiri wa mwakani. Muda huo utumike kumwuliza mfugaji swali moja linalozidi rangi na mkia: vipimo vya Fanconi viko wapi? Huu ni ugonjwa wa kurithi ambao figo humwaga sukari na virutubisho vingine kwenye mkojo, na dalili huonekana mbwa akiwa mtu mzima, familia imeshampenda. Kipimo cha vinasaba cha moja kwa moja kipo tangu 2011. Mtoto huugua akirithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama, hivyo mzazi mmoja aliye safi anatosha kumkinga. Mfugaji anayejibu “hawa wangu wazima tu” asilipwe.

Mama mkwe wa msomaji, anayetoka Tanga, ameuliza kwa njia ya mkwewe kama ni kweli mbwa huyu hujilamba na kujisafisha kama paka. Ni kweli, hana harufu kali, na mvua huikimbia. Usafi huo haubadilishi chochote kuhusu mate yake: chombo alicholamba kitaoshwa mara saba, moja kwa udongo, kama ilivyokuwa kwa mbwa wa babu. Mshauri anapendekeza vyombo vya mbwa viwe vya rangi moja na vya mama mkwe vya rangi nyingine, na mama mkwe achague kwanza.

Nafasi inakwisha, kwa kuwa simulizi ya boti ilikuwa ndefu kabla haijakatwa na mhariri, na mambo yaliyobaki ni haya. Kibali cha kuingiza mnyama na cheti cha afya vipatikane kabla ya tiketi. Chanjo za distempa na parvo huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi mitatu. Fensi ya waya huipanda kama ngazi, kwa hiyo ukuta, na mti ulio karibu na ukuta ukatwe matawi. Atolewe nje kila anapoamka, anapokula na anapocheza. Akutanishwe mapema na watoto, bodaboda na ndoo zinazoanguka. Chokoleti, zabibu, vitunguu na mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe. Meno hubadilika kati ya mwezi wa nne na wa sita, na katika kipindi hicho viatu hukaa juu ya friji. Mke aombwe radhi. Kwa ulinzi, aajiriwe mlinzi.