Bingwa wa Majeraha na Ubao Wake

Bingwa alipanda jukwaani akiwa amechelewa dakika arobaini, akaeleza kuwa hiyo ni heshima kwa wasikilizaji, maana mtu wa maana hafiki mapema. Alijitambulisha mwenyewe kwa kuwa hakuona ukumbini mtu mwenye sifa za kumtambulisha: mwanafalsafa wa lugha, mfasiri wa wafasiri, mtu ambaye kamusi zikimwona huinuka zikampisha kiti. Shahada yake ya uzamivu hakusema ilitoka wapi. Aliyeuliza alijibiwa kwamba chuo cha hadhi yake bado hakijajengwa.

Mada ya siku ilikuwa tafsiri ya maneno ya madhara, majeraha na maumivu. Waliokuja kumsikiliza walikuja na shida zao za kweli: makarani wa mahakama, wauguzi wanaojaza fomu za polisi za PF3, vijana wanaosomea ukalimani, mzee mmoja aliyevaa kofia ya vito, na mama aliyekuwa amesikia kuna chai. Ubaoni palichorwa safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia. Nadharia ya Bingwa ilitosha kwenye ukucha: kila neno la kushoto lina mwenzake kulia, na lisipompata, kosa ni la Kiswahili.

“Lugha yenu,” alisema, kana kwamba yeye alilelewa kwa nyingine, “ni fukara wa maumivu. Mzungu ana maneno lukuki. Ninyi mkidondokewa na nyumba mnasema mmeumia, mkijikwaa mnasema mmeumia!”

Ili ijulikane kuwa amesafiri, alianzia Ulaya. Aliwaonya vijana kwamba Mfaransa akisema “blessure” hajambariki mtu, anazungumzia jeraha. “Gift” kwa Mwingereza ni zawadi, kwa Mjerumani ni sumu. Hilo ni kweli, tena lina utamu zaidi kuliko alivyojua yeye, kwa sababu hata hilo la Kijerumani zamani lilikuwa na maana ya kitu kilichotolewa, na maana hiyo bado imejificha ndani ya “Mitgift”, mali anayokwenda nayo bibi harusi kwa mumewe. Kisha akasema, huku akitazama saa, kwamba “injure” ya Kifaransa si jeraha bali ni tusi.

Alilipita mbio hilo la mwisho, na ndilo lililostahili kukaliwa kitako. Neno hilo limetoka katika Kilatini, “iniuria”, ambalo kwa asili ni jambo lolote lisilo la haki. Katika Mbao Kumi na Mbili, sheria za Warumi za mnamo mwaka 450 kabla ya Kristo, aliyemvunja mtu huru mfupa alilipa sarafu 300 za shaba. Mfupa wa mtumwa ulikuwa 150. Iniuria nyepesi, mathalani kofi, ilikuwa 25. Aulus Gellius, mwandishi wa Kirumi, anasimulia habari za Lucius Veratius, aliyeishi wakati ambapo sarafu 25 zilikuwa hazina tena maana kwa mwenye nacho. Bwana huyo alipenda kupita njiani akiwazaba watu makofi, na nyuma yake alifuata mtumwa na mkoba, akimhesabia kila aliyezabwa fedha yake papo hapo. Kwa mujibu wa sheria hakuwa na deni la mtu. Mambo ya namna hiyo ndiyo yaliyowafanya mahakimu wa Roma waiache bei ya kudumu, wakaanza kukadiria fidia kwa kuiangalia kila kesi.

Kofi la Veratius halikutoa damu wala kuacha kovu. Liliumiza hadhi. Neno moja la Kilatini lilibeba mwili na hadhi pamoja, kisha warithi wakagawana: Mwingereza akachukua mwili, Mfaransa akachukua matusi. Kiswahili cha polisi nacho kina namna yake ya kuyaweka pamoja. Magazeti ya Tanzania huandika “shambulio la kudhuru mwili” na pia “shambulio la aibu”, na msomaji haoni ajabu kwamba aibu nayo huweza kushambulia. Bingwa hakuyagusa hayo. Alikuwa anatafuta chaki.

Aliporudi alikuwa na Kanuni ya Adhabu mkononi, na hapo watu wakakaa sawa. Kanuni za namna hiyo za Kenya na Tanganyika zilianza kutumika mwaka 1930, zikiziba nafasi ya Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860 ambayo Waingereza walikuwa wameileta huku na mizigo yao mingine. Ndani yake madhara yamepangwa kwa ngazi. Chini kabisa yapo madhara kwa jumla: maumivu, ugonjwa au hitilafu yoyote ya mwili, ya muda au ya kudumu. Juu yake yapo madhara ya kuhatarisha maisha, na kuharibu au kulemaza daima kiungo, ogani au mlango wa fahamu. Hayo mawili, pamoja na kuumbua sura daima au kuharibu afya vibaya, hukusanywa chini ya jina la madhara makubwa. Kupanda ngazi hizo si mchezo wa wanaisimu. Nchini Kenya, shambulio la kudhuru mwili chini ya kifungu cha 251 humfikisha mtu kwenye kifungo cha hadi miaka mitano. Madhara makubwa ya kifungu cha 234 yanaweza kumfunga maisha.

Lipo na jeraha lenyewe, ambalo sheria imelieleza kwa umakini wa fundi cherehani: ni mkato au tundu linalopasua ngozi ya nje, na ngozi ya nje ni ile unayoweza kuigusa bila kupasua nyingine kwanza. Kwa maelezo hayo, upande wa ndani wa mdomo ni nje. Bingwa alilisoma hilo mara mbili, akacheka peke yake.

“Sasa,” alisema, “wapi Kiswahili kina ngazi hizi? Hakina!”

Karani mmoja alinyoosha mkono. “Samahani, Mheshimiwa. Shahidi akisema, ‘Alinichoma,’ tuandike nini safu ya kushoto?”

“Kuchoma ni kuunguza. Endelea.”

“Alichomwa kisu.”

Ukumbi ulicheka. Anayechomwa moto, anayechomwa mwiba, anayechomwa kisu na mtoto anayechomwa sindano kliniki wote wamo ndani ya kitenzi kimoja, na nyama ya mbuzi ya Jumamosi imo humo pia. Msikilizaji wa Kiswahili hapati taabu, maana nomino inayofuata humaliza shaka. Taabu humpata anayeandika kwa lugha nyingine huku shahidi akiendelea kusema. Kwa miaka mingi katika mahakama za wilaya na za hakimu mkazi, kesi ilisikilizwa kwa Kiswahili na kalamu ya hakimu ikaandika Kiingereza. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021, kwa Sheria Namba 1 ya mwaka huo, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Tatizo halikufa hapo. Liligeuza uso tu. Awali kilichotafsiriwa ni kilio cha shahidi, sasa inatafsiriwa ngazi ya sheria.

Muuguzi aliyekaa safu ya tatu akasimama bila kuitwa. “Profesa, mimi napokea majeruhi. Akiniambia amevunjika mkono, bado sijui kitu. Mkono unaanzia begani mpaka kwenye kucha. Mguu ni hivyo hivyo, kuanzia nyonga hadi vidole. Kwa Kiingereza ni sehemu mbili mbili tofauti, na fomu inataka moja.”

“Ndiyo ufukara niliousema, sista!”

“Hapana,” alisema muuguzi. “Nikimuuliza, ananipa kiganja, kifundo, kiwiko, kisugudi, paja, muundi, wayo. Anazo zote. Fomu ndiyo inayomharakisha.”

Hapa Bingwa angekuwa msikivu angeokota jambo kubwa zaidi kuliko ubao wake. Kiswahili hakikosi maneno ya maumivu. Kina utaratibu mwingine wa kuyapanga. Mtu huchubuka, huteguka, huvunjika, hupasuka, huungua, huvilia damu. Akipigwa kichwani damu ikachuruzika, ametoka ngeu; isipochuruzika pakavimba, ana nundu. Jeraha ni la jana. Likikaa na kutunga usaha ni kidonda, na likikataa kabisa kupona ni donda ndugu. Maneno hayo yanasema jambo lilitokeaje, mahali gani pa mwili na tangu lini. Sheria ya Kiingereza inauliza uzito: kiasi gani, kwa muda gani. “Ngeu” inamweleza hakimu mahali na damu, haimwelezi kama fuvu lilipona. “Madhara makubwa” yanamweleza uzito, na kama ni rungu au ngazi ya nyumba hawezi kujua. Anayefasiri neno kwa neno lazima apoteze upande mmoja, asipoongeza sentensi yake mwenyewe. Mkalimani kortini hana ruhusa ya kuongeza. Anachoweza ni kuomba shahidi aulizwe tena, na wengi huona haya.

Mzee wa kofia ya vito alikuwa amenyamaza muda wote. “Mwanangu,” alimwambia Bingwa, na neno hilo peke yake lilimpunguza mtu kimo, “unasema ngazi hazipo. Hukusoma fikihi?”

Akazitaja bila karatasi. Wanazuoni wa Kiislamu waliyagawa majeraha ya kichwa na uso katika daraja kama kumi, kila moja na jina lake, kuanzia mkwaruzo wa ngozi tu hadi pigo linalofika kwenye ubongo. Lipo linalotoa damu, lipo linaloingia kwenye nyama, na lipo linalofunua mfupa mweupe, liitwalo mudhiha, ambalo dia yake, yaani fidia, ni ngamia 5. Likivunja mfupa ni hashima, ngamia 10. Likiuhamisha mfupa mahali pake, 15. Likifika kwenye utando wa ubongo, theluthi ya dia kamili, na dia kamili ni ngamia 100. Kidole kimoja 10, jino 5. Kiarabu hicho hicho ndicho kilichotupa jeraha na madhara. Tulichukua maneno, ngazi zikabaki vitabuni, na mahakama za kadhi za Kenya leo hushughulikia ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, si vichwa vilivyopasuka.

Bingwa alimshukuru kwa “mchango wa kienyeji” akahamia kwenye dawa. Alitangaza kwamba athari, madhara na maudhi ni kitu kimoja, na atakayeyatofautisha anajaza kurasa. Wauguzi waliguna. Tanzania, mama akipewa njia ya uzazi wa mpango huambiwa kuhusu “maudhi madogo madogo”: kichefuchefu, kuumwa kichwa, hedhi kubadilika. Aliyechagua neno hilo alijua kazi yake. Ukimwambia “madhara” atakurudishia vidonge vyako mezani; ukimwambia “athari” hajui kama ni heri au shari. Maudhi yanaudhi, basi. Ila na hapo pana hila: likitumiwa kwa tatizo lisilo dogo, neno hilo laini linamnyamazisha mgonjwa ambaye angepaswa kurudi kliniki mbio.

Neno moja linaweza kufika mbali kiasi gani, Marekani ilionyesha mwaka 1980. Kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitali katika jimbo la Florida akiwa hana fahamu. Familia yake, wazungumzaji wa Kihispania kutoka Kuba, walidhani amedhuriwa na chakula, wakasema ni “intoxicado”. Kwa Kihispania ni mtu aliyedhurika kwa alichokula au kunywa. Wahudumu wakasikia neno la Kiingereza linalofanana nalo, lenye maana ya ulevi, wakamtibu kama aliyezidisha dawa za kulevya. Mkalimani hakuitwa, maana kila upande uliamini umeelewa. Kichwani mwake damu ilikuwa inavuja. Alipooza mikono na miguu, na fidia iliyokubaliwa ilikadiriwa kufikia dola milioni 71 katika maisha yake yote.

“Wangeniita mimi,” alisema Bingwa, aliyekuwa ametumia kisa hicho kutangaza kamusi yake itakayotoka karibuni.

Karani yule wa kisu hakuwa amemaliza. Kanuni ya India ya mwaka 1860, alisema, ililitaja jino waziwazi: kulivunja au kuling’oa kulihesabiwa dhara kubwa. Kanuni ya 1930 inataja ogani, kiungo na mlango wa fahamu, jino halimo. Je, jino ni kiungo?

Bingwa alisema hilo ni la madaktari. Muuguzi akasema daktari huandika jino limetoka, hakimu ndiye anayelipima. Mama wa chai, kikombe mkononi, akauliza ni jino lipi, kwa sababu gego hakuna anayeliona, bali la mbele likitoka sura imeharibika mpaka siku ya kufa. Karani aliinamia daftari lake haraka. Kuumbua sura daima kumo ndani ya kifungu, na hilo halikuwa limeandikwa popote kwenye ubao.