Kutoka Barabara ya Kumi Hadi Chini ya Sifuri

Ngamiani, mjini Tanga, barabara hazikupewa majina, zilipewa namba. Huulizwi unakaa mtaa gani, unaulizwa "ya ngapi?" Mimi nakaa ya kumi, huu mwezi wa tatu tangu nihamie kutoka Dar. Jumamosi asubuhi nina kawaida ya kwenda kwa miguu kutazama bahari, na kwa kuwa namba zinapungua kadiri unavyoelekea mjini, sihitaji ramani. Nahesabu kurudi nyuma tu, kama wanaorusha roketi. Ila hapa hakuna kinachoruka.

10. Barazani

Saa moja na nusu. Bi Mkubwa, mama mwenye nyumba wangu, kaketi anachambua mchele kwenye ungo.

"Mbio zote hizo, mwanangu, kuna msiba?"

"Hapana, Bi Mkubwa. Natembea tu."

"Huko ndiko kutembea?"

Halafu hunikumbusha msemo wa hapa, waja leo waondoka leo, huku anacheka, maana yeye mwenyewe alikuja kumsalimia dada yake siku mbili. Mwaka gani, hasemi. Sijavuka hata mtaro na tayari nimeshatiwa makosa.

9. Salamu

Dar salamu ni kitu unachokitupa bila kugeuza shingo: "Mambo." "Poa." Kila mtu na hamsini zake. Hapa kona ya tisa kuna mzee wa kahawa, na ukimpa shikamoo umefungua faili. Marahaba, umeamkaje? Salama. Nyumbani? Salama. Wazee huko Dar? Salama. Na kile kikohozi? Kikohozi nilikuwa nacho wiki mbili nyuma, hata mimi nilikuwa nimeshakisahau.

Wakati huo kikombe kimeshajaa, na kashata iko mkononi mwangu, sijui imefikaje. Nikanywa viwili. Dakika ishirini zikakatika. Nilipoaga akanishika mkono: "Haraka ya nini, mgonjwa?"

8. Baiskeli

Tanga mji tambarare, na baiskeli ndiyo mfalme wa njia. Nilikuwa nimezoea kukwepa daladala, kitu kikubwa chenye kelele, unakisikia tangu mbali. Baiskeli inakujia kimyakimya kama deni. Jumamosi hii alikuwa mama kajitanda mtandio, ndoo ya dagaa kaifunga kwenye keria kwa mpira, mtoto kampakata mbele kashikilia usukani kana kwamba dereva ni yeye. Kengele ililia nikiwa katikati ya njia. Nikaruka, mguu mmoja ukaingia kwenye dimbwi.

"Samahani, kaka!" akapaza sauti bila kupunguza mwendo. "Breki ziko nyumbani!"

Mtoto akanipungia mkono.

7 na 6. Nilizivuka nikikamua soksi. Sina la kuripoti.

5. Mbaazi

Hapa nasimama, hata kama nimeapa kutosimama. Kibanda hakina jina, kina benchi moja linaloyumba na sufuria la mbaazi za nazi. Tui ni zito, limeganda kingo za sufuria likafanya utando, na dada anayepakua huukwangua ule utando kwa upawa na kuwawekea wateja anaowapenda. Miezi miwili nilikula mbaazi bila utando nikidhani ndiyo zilivyo. Jumamosi hii nikawekewa. Kipande kidogo, ukubwa wa stempu, lakini benchi zima lilikiona. Maandazi matatu, chai ya maziwa, na mzee jirani yangu akiniangalia kama mtu aliyepandishwa cheo bila usaili.

4. Mgosi

Watu wa huku wanaitana mgosi, neno lililoshuka na Wasambaa kutoka milimani, maana yake mwanamume. Kuna fundi baiskeli ambaye tangu nihamie ananiita "bosi", na bosi, kama ujuavyo, ni jina la mgeni mwenye kutozwa zaidi. Jumamosi hii aliniita: "Mgosi!" Moyo ukanijaa. Nikageuka na tabasamu la kupokelewa rasmi.

"Mgosi, umekanyaga mpira wa pampu yangu."

Hata hivyo nimelihesabu.

3. Shaaban Robert

Ukitaka kuandika kuhusu Tanga kwa Kiswahili, kumbuka kwamba Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Machui, nje kidogo ya mji huu, mwaka 1909. Ni sawa na kupiga danadana uani kwa Pelé. Kwa hiyo barabara ya tatu huwa naipita kimya, kwa adabu.

2. Chungwa. La Muheza. Limemenywa kwa kisu, ganda likabaki utepe mmoja mrefu usiokatika, kofia yake ikakatwa juu. Usilile ukiwa umevaa shati jeupe. Nilikuwa nimevaa shati jeupe.

1. Barabara ya kwanza ndiyo ya mwisho. Utazoea.

0. Reli

Hapa namba zinakwisha na mji unaanza. Hii ndiyo njia ya kwanza ya reli kujengwa na Wajerumani katika koloni lao la Afrika Mashariki. Walianza mwaka 1893, wakafika Mombo 1905. Miaka 12 kwa takriban kilomita 130. Fedha ziliwaishia, ni kweli, lakini mimi sasa nimeshaishi Ngamiani na nina dhana yangu: walisimama kusalimiana.

Hasi moja: nyuki

Ukivuka reli unaingia kwenye uwanja wa mapigano ya Novemba 1914. Waingereza walileta askari wapatao 8,000 kwa meli kutoka India. Kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alikuwa na kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Risasi zikachokoza mizinga, nyuki wakatoka, na nyuki hawaulizi umeleta bendera gani, waliwauma wa pande zote mbili. Waliokuja kwa meli wakakimbilia walikotoka, wakaacha bunduki na risasi nyingi ufukweni. Walifika tarehe 2, tarehe 5 wameshaondoka. Katika wageni wote niliowahi kuwasikia, hao ndio waliokaribia kuutii ule msemo wa Bi Mkubwa.

Hasi mbili: bahari

Bustani ya Jamhuri, saa tano kasoro. Mbele yangu ni ghuba, na katikati yake Kisiwa cha Toten, jina la Kijerumani lenye maana ya wafu, kijani kibichi namna ya kukufanya usitake kujua walikufaje. Kijana kando yangu alikuwa anavua kwa mshipi mtupu, bila ufito. Nikamuuliza wanakula? Akanitazama kwanza.

"Salaam aleikum," akasema.

Nikaanza upya. Samaki hawakuwa wanakula.

Jua lilipochoma nikapanda bajaji. "Ya ngapi?" Ya kumi. Ilichukua dakika chache, safari iliyonilia asubuhi nzima kwa miguu. Namba zikapanda nikiziona ubavuni: tatu, tano (sufuria limeshaoshwa), nane, tisa, ambapo mzee wa kahawa alinyanyua mkono kama askari wa barabarani na dereva, kwa kuwa naye ni wa hapa, akasimama.

Bi Mkubwa alikuwa bado barazani, mchele umeshapikwa, harufu yake inatoka mlangoni. Akatazama shati langu, doa la chungwa na tope la barabara ya nane.

"Mapema hivyo?" akaniuliza. "Bahari imefungwa?"