Shikamoo Mzee, Pembeni!

Daktari ameniambia nitembee nusu saa kila siku ili presha ishuke. Daktari yule hakai Magomeni. Angekaa Magomeni angejua kwamba presha yangu inapandia hukohuko ninakokwenda kuishushia, kwenye njia ya waenda kwa miguu, pale ninaposikia nyuma ya kisigino: "Shikamoo mzee! Pembeni mzee!"

Hiyo shikamoo ndiyo inayoniumiza. Angekuja na matusi ningejua la kumfanya. Lakini kijana anakuamkia kwa adabu zote alizofundishwa na mama yake, huku gurudumu la mbele limeshafika kwenye pindo la suruali yako. Nawe, kwa vile ulilelewa, huwezi kuiacha shikamoo ya mtoto wa mwenzio ianguke chini. Unaitikia marahaba ukiwa hewani, safari ya mtaroni. Na mtaro wenyewe hauna mfuniko, ulishakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Afadhali pikipiki, hiyo unaisikia tangu mbali. Baiskeli inakuja kimya kama paka. Kengele iling'oka zamani, na breki ni ndala: mwenyewe anaikandamiza kwenye tairi la nyuma mpaka unasikia harufu ya mpira. Sasa piga hesabu. Muuza maji amefunga madumu sita ya lita 20, hizo ni kilo 120 kabla hujamweka yeye juu. Ndala ya shilingi ngapi itausimamisha mzigo ule kwenye mteremko wa kushukia Jangwani? Muuza mayai ni mtu mwingine kabisa. Huyo ana trei kumi kwenye keria, mayai 300, hana haja ya kugongana na yeyote. Anakuja polepole, anakuona, anashuka, anakokota. Namheshimu sana muuza mayai. Laiti kila mwenye baiskeli angelazimishwa kubeba mayai.

Cha ajabu, mahali pa kupita wamepewa. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilikuwa imeshatengenezewa njia ya miguu pembeni, na ya baiskeli pia. Kazi nzuri, sina kinyongo. Lakini nenda jioni ukaione hiyo ya baiskeli. Kuna gari la bwana aliyeingia dukani "mara moja", kuna benchi la mama lishe na wateja wake, kuna bodaboda wanasubiri abiria huku wakibishana Simba na Yanga. Baiskeli ikikosa pa kupita inahamia kwangu, nami nahamia mtaroni. Mwaka 2021 machinga walipoondolewa pembezoni mwa barabara nilidhani sasa pamekuwa pangu. Niliwasikitikia, maana soksi zangu zote zilitoka kwao, lakini nilitembea kwa raha. Haikupita muda, bodaboda wakagundua kwamba palepale palipokuwa na meza za machinga pananyooka vizuri kwa kukwepea foleni.

Kijana mmoja wa madumu nilimshika keria. Nikamuuliza, kwa nini usipite barabarani? Akanionyesha kwa kidevu lori la mchanga lililokuwa linapita.

"Mzee, kule nitauawa."

"Kwa hiyo umekuja kuniua mimi?"

"Wewe nitakugonga tu, mzee wangu. Sikuui."

Akacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Lori lile hata mimi nililiogopa, nami nilikuwa mbali nalo.

Lakini huku nako hajapona, na hilo hataki kulisikia. Dereva anayetoka getini akakunja kushoto anatazama kulia, magari yanakotoka. Juu ya njia ya miguu anategemea mtu anayetembea, mtu ambaye hatua moja inatosha kumsimamisha. Yule wa madumu anatokea kushoto, kinyume na magari, kasi yake yote, na ukuta wa uzio unamficha mpaka dakika ya mwisho. Dereva anamwona akiwa ameshafika kwenye boneti. Maji yanamwagika, gari linabonyea, na watu wanakusanyika kuuliza nani mwenye makosa, wakati kijana amekaa chini ameshika goti.

Sisemi wakafe barabarani. Nasema penye watu washuke wakokote, na bodaboda warudi kwenye foleni wasubiri kama wenzao. Na wewe mwenye gari jeupe, unayeegesha kila jioni mbele ya duka la dawa, katikati ya njia ya baiskeli: liondoe. Muuza maji anataka kupita.