Ratiba ya Dar, Jua la Ifakara

Kumi la mwisho la Ramadhani, mwezi Machi, shemeji yangu alitujia Ifakara kutoka Temeke. Pamoja na mikate na tende alileta ratiba ya futari na daku, karatasi nzuri ya kung'aa, akaibandika ukutani. Hakuna aliyeihoji. Kitu kimechapwa Dar, nani akipinge?

Jioni hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu alasiri, kwa hiyo kipaza sauti cha msikiti kilikuwa kimya. Mkekani tuliandaa uji wa pilipili manga, magimbi ya nazi na kambale wa kukaanga. Ilipotimu saa 12 na dakika 33, shemeji akatazama ratiba, akasema, "Haya, bismillahi." Mikono ikaenda kwenye tende.

Mama mkwe alikuwa bado barazani, uso ameuelekeza magharibi. "Nyie! Wekeni chini! Jua hili hapa juu ya Udzungwa, linanipiga machoni!"

Kitinda mimba wangu, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kufunga, alikwishameza. Akaangua kilio. Kaka yake akakurupuka kwenda kutema nje, akapiga teke sufuria, uji ukatapakaa mkeka mzima na kuwafuata kambale kwenye sinia.

"Lakini mama, saa yangu iko sawasawa," shemeji akasema.

"Saa iko sawa, baba. Magharibi ndiyo bado."

Jua lilizama kama dakika kumi baadaye. Tukafuturu magimbi na maji.

Mpangaji wetu, mwalimu wa jiografia, ndiye aliyetufungulia fumbo. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa, uzi mmoja kwa dakika 4. Dar es Salaam iko kwenye longitudo ya nyuzi 39.3 mashariki, Ifakara 36.7. Tofauti ni nyuzi 2.6, sawa na dakika kumi na kitu. Kigoma, kwenye nyuzi 29.6, wanaiona magharibi takriban dakika 39 baada ya Dar. Saa ya ukutani ni moja kwa nchi nzima kwa sababu tumekubaliana hivyo, ili treni ya TAZARA, mabenki na shule vifuate mpango mmoja. Jua halikuhudhuria makubaliano hayo.

Kesho yake akatusimamishia mchi uani, kwenye udongo uliolowa, watoto wakawa wanatia alama ncha ya kivuli kwa vijiti. Saa 6 mchana kivuli kilikuwa bado kinafupika. Kilifika ufupi wake wa mwisho karibu saa 6 na dakika 40. Sababu ni kwamba saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa longitudo ya nyuzi 45, inayopita jirani na Mogadishu, na hakuna hata kijiji kimoja cha Tanzania kinachofika huko. Kwa Ifakara hiyo ni nusu saa na zaidi kidogo. Dakika nyingine kama sita ni za mwezi Machi wenyewe, kwa kuwa mwendo wa dunia kulizunguka jua haulingani mwaka mzima.

Asubuhi, ratiba ya Dar haimdhuru mtu wa Ifakara: humwachisha daku mapema tu. Jioni ndipo inapoharibu funga. Shehe wetu alisema waliomeza wailipe siku ile, na mtoto akaambiwa bado hajafikia umri wa kudaiwa. Shemeji alilipa bila manung'uniko.

Tazama chini kabisa ya ratiba yako, kwenye herufi ndogo. Ikiwa imeandikwa "kwa Dar es Salaam na vitongoji vyake", basi si yako wewe wa Ifakara, Mlimba wala Malinyi. Programu ya simu nayo ichagulie mji unaokaa. Na kamati za misikiti ya bonde la Kilombero, tunawaomba: tuchapishieni ratiba yetu wenyewe kabla ya Ramadhani ijayo.