Siti ya Nyuma Kabisa

Kila Desemba nyumba yetu ya Mbezi hufungwa na sote hupanda gari kwenda Moshi, safari ya zaidi ya kilomita 500. Mwaka huu tulikuwa na Bibi, mama mzazi wa mume wangu, Baba Neema. Aliletwa Dar kutibiwa mgongo, na daktari alipomruhusu kurudi nyumbani alitusisitizia tuangalie sana anavyokaa njiani. Kwa hiyo suala la siti na kiyoyozi halikuwa la anasa hata kidogo.

Baba Neema alikuwa ameshalipitisha gari. Ni la siti saba, limetumika Japani, na analipenda kweli. Alikwenda nalo Kibaha usiku, peke yake, akarudi akisema AC inagandisha. Sikubishana naye kuhusu ubaridi wa siti ya dereva. Nilimwambia tu kwamba safari ya Moshi ni ya mchana, na katika sisi sote ni mmoja tu anayeshika usukani. Nilitaka tulijaribu saa saba, jua la utosi, kila mtu kwenye siti yake na mabegi yakiwa ndani.

Bibi akaniunga mkono. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akasema, akaenda kutafuta viatu vyake.

Gari lilikuwa limeshinda juani. Mwanetu Baraka alitaka kuingia na kufunga milango AC ianze kazi, nikamzuia. Joto ndani ya gari lililofungwa juani laweza kupanda nyuzi kama 10 kwa dakika 10, ndiyo maana mtoto haachwi ndani hata kama unaingia dukani mara moja tu. Tukaacha milango wazi kwanza, tukaondoka na vioo vikiwa chini hadi hewa ya moto ikatoka, ndipo tukapandisha vioo na kuwasha kiyoyozi kizungushe hewa ya ndani.

Kabla hatujafika Kibamba, mbele kulikuwa kumepoa. Nyuma kabisa, Neema magoti yalikuwa yamekaribia kidevu, maana sakafu ya pale imeinuka na siti yenyewe iko chini. Jasho lilimlowesha kola. "Mama, huku hakuna AC!" Baba yake akaongeza feni, Bibi huku mbele akaanza kujikunyata kwa baridi. Ndipo Ima, mdogo wa wote, akanyoosha mkono akabonyeza swichi ya darini iliyoandikwa Kijapani, ambayo hakuna aliyewahi kuigusa tangu gari lishuke melini. Feni za nyuma zikakohoa, zikatema vumbi. Neema akapiga chafya mfululizo, kisha kimya. Baridi ilikuwa imemfikia.

Ima naye alikuwa na lake. Siti ya katikati ina mgongo mgumu kwa sababu ndani yake kimekunjwa kiegemeo cha mkono, na mapaja yake yalikuwa yamenata kwenye kava za ngozi bandia alizonunua baba yake Kariakoo. Kava hizo sijazipenda tangu siku ya kwanza. Zinashika joto, na kwa gari lenye mifuko ya hewa ubavuni mwa siti, kava nene iliyofunika ubavu wote inaweza kuuzuia mfuko usifumuke siku ya ajali. Nikasema hivyo hivyo. Baba Neema akatazama barabara.

Kwa Bibi nikainua matundu ya hewa yaelekee juu. Hewa baridi ni nzito, hushuka yenyewe, kwa hiyo ikampata bila kumchapa magotini. Nikamwondolea mto mnene wa mgongoni, nikamwekea khanga iliyokunjwa pale kiunoni tu panapobaki uwazi. Akashusha pumzi, akasema sasa anaweza kufika hata Arusha.

Karibu na Mlandizi akainua miguu. "Mama Neema, mwanangu, humu mna kisima?"

Zulia lilikuwa limelowa chapachapa na pindo la kitenge chake linachuruzika. Alikuwa amekaa na maji muda mrefu, hataki kutusumbua. Baba Neema akasimamisha gari, akachovya kidole: maji safi, hayana rangi wala harufu ya maji ya rejeta. Ni ya AC. Kiyoyozi hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Pwani ina unyevu mwingi. Maji hayo hutakiwa kudondoka chini ya gari kupitia mpira mwembamba.

Fundi kijana wa pale akalala chali chini ya gari na kipande cha waya. Akasukuma, akazungusha. Kwanza likatoka tope jeusi, kisha vipande vya majani ya mwembe tunaoegesha chini yake, halafu maji yakamwagika kwa kishindo mpaka kijana akajiviringisha pembeni. Akafungua nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria: kichujio cha hewa hakipo kabisa, majani yalikuwa yanaingia yanavyotaka. "Shikamoo Bibi, samahani kwa miguu," akasema alipoinuka. Akatuasa tusikubali kuongezewa gesi ovyo, kwa kuwa gesi ya AC haitumiki ikaisha. Ikipungua, kuna mahali inavuja.

Kurudi, Bibi ndiye aliyepanga siti. Mimi nikashika usukani na mwanawe akapelekwa nyuma kabisa. Hatujafika Kibaha akaomba tusimame anyooshe miguu.

Jioni ile Baba Neema alizivua kava mwenyewe, na Jumatatu akaenda kuweka kichujio kipya. Ratiba imebandikwa kwenye friji: Bibi siti ya kati, mlango wa kushoto, mgongo wa siti umelazwa kidogo, Neema mbele, vituo Chalinze, Segera, Mombo na Same. Baraka atakaa nyuma kabisa hadi Mombo. Kuanzia hapo hadi Same, kwenye lile joto kavu la Upare, usukani ni wangu na siti ya nyuma ni ya Baba Neema. Ameandika jina lake mwenyewe.