Bei Kwanza, Picha Baadaye

Duka la programu lenye picha nyingi limetengenezwa kwa ajili ya mtu asiyenunua bando la siku. Nasema hivi nikiwa Issuna, kwenye kibanda cha steshenari kando ya barabara ya Singida kwenda Manyoni, ambako intaneti yangu ni hotspoti ya simu, na simu yenyewe haishiki mtandao mpaka ipandishwe juu ya rimu za karatasi dirishani. Linux, ile ya Debian, niliiweka kwa sababu ya flashi za wateja. Kila moja ilikuja na barua moja ya kuomba kazi na virusi wa kutosha kata nzima.

Virusi walikoma. Kilichobaki ni kupata programu.

GNOME Software, duka la programu, ni maridadi: nyota, picha, na maoni ya watu walioudhiwa na rangi ya vitufe. Ila ni karimu kupita kiasi. Usipoiambia kwamba mtandao wako unalipiwa kwa kipimo, hupakua masasisho kimyakimya. Kuna asubuhi nilinunua bando nimtumie mteja cheti chake kwa barua pepe. Hata hajamaliza kunitajia anwani, ujumbe ukaingia: bando limekwisha. Cheti kilibaki palepale, lakini kompyuta ilikuwa na toleo jipya la mchezo wa kutegua mabomu ambao hakuna aliyewahi kuufungua.

Discover ya KDE ni ndugu yake, tofauti ni mavazi. Duka la Linux Mint, ambalo mwalimu jirani analo, lina adabu zaidi: hutaja MB za kupakua, tena hukuachia uchague kati ya paketi ya kawaida na ya Flatpak, mfumo mwingine wa kufungasha programu. Kwa anayeanza, Flatpak huja na mizigo yake ya msingi, mamia ya MB, hata kama ulichotaka ni kikokotoo.

Mimi niko na Synaptic. Ilizaliwa kwenye kampuni ya Conectiva, Brazili, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tangu hapo sidhani kama imejitazama kwenye kioo. Tafuta neno “picha” kwa Kiingereza, ikuletee maktaba mia zenye majina ya nambari za siri. Lakini kabla haijagusa senti yako, inafungua dirisha: utapakua MB kadhaa, diski italiwa kadhaa, unakubali? Muuzaji wa namna hiyo namheshimu hata akiwa na sura mbaya. Tatizo, GNOME Software ikiwa inasakinisha kitu, Synaptic inazuiwa mlangoni. Ni choo kimoja cha nyumba ya kupanga: aliyetangulia kafunga komeo, wewe subiri nje na ndoo yako.

Utamu wa Synaptic ni kwamba inakuandikia orodha ya viungo vya paketi ili ukapakue penye mtandao. Babu mmoja alipotaka picha za pasipoti, nami sina GIMP ya kuhariri picha, nikatoa orodha hiyo, nikampa kijana wa bodaboda flashi aende nayo Singida mjini. Mwenye kafe ana Windows. Faili ikakataa kufunguka, akaifungua kwa Notepad na kunakili kiungo kimoja kimoja, akilalamika kwenye simu kwamba hajawahi kuona programu yenye ukoo mkubwa hivyo.

Jioni flashi ikarudi. Nikaingiza paketi, Synaptic ikazihesabu, kisha ikasema imepungua moja. Nikapiga simu kafe.

“Ile niliiruka, fundi. Jina lake lilikaa kivirusi.”

Babu, ambaye tangu mchana alikuwa kwenye benchi na koti la kupigia picha, akasogea kutazama.

“Mjukuu wangu, kuna nini tena?”

“Imekosekana moja, babu. Zilizobaki zinaisubiri.”

“Zote hizo? Kwa ajili ya mmoja?” Akarudi kukaa, akafungua kifungo cha koti. “Kumbe na humo ndani mna vikao vya harusi.”