Hongera, Wewe Ndiye Kocha

Kikao cha wazazi ulikwenda kwa adabu tu. Swali likaulizwa, nani atawafundisha besiboli watoto wa miaka saba na minane, wenzako wakainamia simu zao, wewe ukainua mkono kujikuna shingo. Basi, kocha. Little League, ligi ya besiboli ya watoto ambayo Carl Stotz aliianzisha Williamsport, Pennsylvania, mwaka 1939, hadi leo inabebwa na wazazi wa kujitolea, na wengi wao walijitolea hivyohivyo.

Kama umekulia Tanga ukicheza chandimu, usihofu. Sheria utazisoma usiku: besi hadi besi ni futi 60, kama mita 18. Kazi iko kwenye ile saa moja na nusu, watoto kumi na wawili wakikutazama.

Ukitaka mazoezi yakufie mapema, anza na hotuba. Gusia nidhamu, moyo wa timu, na enzi zako. Kisha chukua gongo moja, mtoto mmoja apige, wewe urushe, na waliobaki watawanywe uwanjani wasubiri zamu. Piga hesabu: kila mmoja akipewa dakika tano, wa mwisho atalishika gongo baada ya dakika 55. Wakati huo wa nne ameshajaza mchanga kwenye glavu, wa sita anachuma maua, wa saba kabanwa na mkojo, na wa nane, ambaye alikuwa hana shida, naye kabanwa. Wawili wanagonganisha vichwa kujaribu uimara wa kofia zao ngumu. Huo ndio mpango pekee unaokwenda vizuri jioni hiyo.

Wapo makocha wakaidi wasiofuata njia hii. Hao hufika mapema, karatasi mfukoni, wakaugawa uwanja: watatu huku wanapiga mpira uliowekwa juu ya kijiti, watatu kule wanaokota mipira ya kubiringishwa, watatu wanarushiana, watatu wanakimbia besi. Baada ya dakika kumi filimbi inalia, wanahama. Kila kundi lina mzazi wake, na wa kwanza kukamatwa ni yule aliyekuja na kiti cha kukunja na ushauri mwingi. Mpe glavu. Ushauri hupungua ajabu.

Hawa wadogo watafutie mipira laini. Ule wa kawaida una uzito wa gramu 140 hivi na ni mgumu, na mtoto anayejifunza kudaka huanza kwa kutumia uso.

Halafu kuna baba ambaye mwanawe "hachoki kurusha". Huyu usibishane naye, mwoneshe kitabu cha sheria: mrushaji wa miaka 7 au 8 harushi zaidi ya mipira 50 kwa siku ya mechi. Atakwambia yeye alikuwa anarusha mia. Mwangalie anavyolibeba begi, kwa mkono upi.

Dakika za mwisho wakimbize besi zote, kila mtu ashangiliwe, kisha vitafunio. Zamu za vitafunio zipangwe kwa maandishi kabla msimu haujaanza, maana timu ikifungwa watoto husamehe, lakini juisi ikikosekana hakuna wa kukusamehe, hata wako wa kumzaa. Orodha imeshabandikwa. Jumamosi ya kwanza wamekuandika wewe.